Shajara ya mradi: mizabibu 24 pale mawe, Kaole

6 Agosti 2023

Leo nimeanza. Nimepima kiwanja cha babu kwa hatua, kumi na nane kwa kumi na mbili, kuanzia kwenye mkorosho hadi ukuta ulioporomoka. Hapa Kaole kila mtu anakiita "pale mawe". Babu alijaribu muhogo, mizizi ikatoka myembamba kama vidole. Akajaribu kunde, mbuzi wakamaliza. Akaacha. Tangu nipate akili sijaona kitu kikioteshwa pale kikavunwa. Mimi nataka kupanda mizabibu.

Nieleze sababu, maana nyumbani nimeulizwa na sikujibu vizuri. Nahudumia meza katika hoteli moja ya ufukweni hapa Bagamoyo, mwaka wa tisa huu. Nimefungua chupa nyingi sana za mvinyo wa watu wengine. Mwaka jana mgeni mmoja, mzee wa Kifaransa, alikaa nasi wiki nzima, na kila jioni alinisimulia habari za mtu mmoja wa kijiji cha Vosne-Romanée, huko Burgundy, Ufaransa, mkulima wa mizabibu aliyeitwa Henri Jayer. Alipoondoka nikaanza kusoma mwenyewe, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa changu cha hotelini, kila nilichokipata. Habari hii imenikaa kifuani mpaka leo.

Jayer alizaliwa 1922, wa mwisho katika wavulana watatu. Vosne-Romanée ina mashamba ambayo watu wa mvinyo huyataja kwa sauti ya chini, kama sisi tunavyowataja marehemu wakubwa: Romanée-Conti, La Tâche, Richebourg. Juu kidogo ya Richebourg, ukiupanda mlima, kuna kipande cha hekta moja tu na ushei kinachoitwa Cros Parantoux. Udongo wake ni haba, chini ni jiwe la chokaa. Mdudu wa filoksera alipoimaliza mizabibu ya zamani, hakuna aliyeona faida ya kukipanda tena. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia watu wakaotesha pale topinambour, mmea wa mizizi wa jamii ya alizeti, chakula cha kipindi cha shida. Ndio uliokuwa muhogo wao.

Kuanzia 1951 Jayer alianza kununua vipande vya shamba hilo, kimoja leo, kingine baada ya miaka, hadi 1970. Jiwe akalipasua kwa baruti. Husimuliwa kwamba ililipuka mara zipatazo 400 kabla mizizi ya Pinot Noir, mzabibu mwekundu wa kule, haijapata pa kupita.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilifunga simu nikatoka nje. Nilimwona babu, na mtaimbo wake, na yale mashimo aliyoyaacha nusu.

Kwa hiyo naandika lengo, ili lisije likabadilika njiani bila mimi kujua. Nataka mashina 24 ya zabibu nyekundu pale mawe, na siku moja dumu la lita tano la mvinyo mwekundu wa nyumbani, usiouzwa, ambao mtu akiuonja aonje pale ulipotoka.

20 Agosti 2023

Mashimo saba kwa siku tano. Nimemchukua fundi anayechimba visima, kwa sababu majembe hayafiki popote. Kazi ni mtaimbo na nyundo, halafu mikono. Kila shimo nusu mita kwenda chini, nusu mita upana. Udongo mwekundu juu haufiki hata urefu wa kiganja. Chini yake kuna jiwe la matumbawe, jeupe ukilipasua, kijivu likikaa juani. Ndilo lililojengewa msikiti na makaburi ya kale pale kwenye magofu ya Kaole, na ndilo lililochomwa likawa chokaa ya kuta za Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Katika shimo la tatu tumetoa kipande chenye alama za tumbawe kamili, mistari yote inaonekana, kama ubongo. Ndani ya la tano kulikuwa na maganda ya chaza.

Nimekiweka hicho kipande dirishani. Jiwe la Vosne-Romanée nalo lilikuwa bahari. Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita pale palikuwa na maji ya joto, ya kina kifupi, na wakulima wa Burgundy hadi leo hupasua mawe wakakuta chaza wadogo wamegandamana. Jiwe letu ni changa mno mbele ya lile, lakini yote mawili ni chokaa iliyotoka baharini. Sidai kwamba pale mawe ni Burgundy. Nasema tu kwamba mtu anayeniambia zabibu haziwezi kukaa juu ya chokaa ya bahari, hilo lina jibu.

Jirani yangu, mzee mvuvi, alikuja kutazama shimo la saba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa juu ya ukuta kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwanangu, zabibu hizi ni za kula au za kunywa?" Nikamwambia ukweli. Yeye ni Mwislamu, mtu wa swala tano, na shamba lake limepakana na langu. Akasema, "Za kula utanipa. Hayo mengine ni yako na Mola wako." Nikamwahidi kwamba mashina mawili ya upande wake yatakuwa ya kula tu, hayataingia kwenye dumu. Ahadi hiyo naiandika hapa pia.

17 Septemba 2023

Nimerudi kutoka Dodoma na pingili 40 ndani ya gunia bichi.

Nilipita Msata, Chalinze, Morogoro, basi la usiku. Dodoma ndiyo nchi ya zabibu ya Tanzania, na mtu wa pwani akifika kule msimu wa mavuno lazima ashangae: barabarani Hombolo zabibu zinauzwa kwa ndoo kama sisi tunavyouza maembe. Kule ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mvua haba, hewa kavu, usiku wa baridi. Mzabibu haulali kama unavyolala Ulaya wakati wa theluji, kwa hiyo mkulima ndiye anayeulaza na kuuamsha kwa kisu cha kupogolea. Unapopogoa, baada ya siku chache macho yanachomoza, na miezi mitatu na nusu hadi minne baadaye unavuna. Ndiyo maana Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Burgundy huvuna mara moja tu, kwenye Septemba.

Sikuleta Pinot Noir. Ingekuwa ujinga. Ni mzabibu wa nchi ya baridi, na joto la Bagamoyo lingeichemsha ladha yake ikiwa bado ganda halijakomaa. Nimechukua aina ya Makutupora nyekundu, inayobeba jina la kituo cha utafiti kilichopo nje kidogo ya Dodoma mjini. Ni mzabibu wenye nguvu, umezoea jua letu. Mkulima aliyenipa pingili alizikata mbele yangu, kila moja ina macho manne, akanionyesha upande wa juu na wa chini kwa sababu ukizichomeka kichwa chini hazioti. Aliniuliza napeleka wapi. Nilipomjibu Bagamoyo, akaacha kisu akaniangalia. "Ukungu," alisema. Neno moja tu.

3 Desemba 2023

Ukungu.

Vuli ya mwaka huu ni ya El Niño. Mvua zilianza Oktoba na hazijakaa sawa. Pingili zilikuwa zimeota zote 24, nyingine nilizipa watu, na kila asubuhi kabla ya zamu nilikuwa nazihesabu majani. Kisha yakaja madoa kama ya mafuta juu ya jani, na chini ya jani utando mweupe kama pamba. Afisa ugani amenitajia jina lake, ubwiri vinyoya. Ule mwingine, ubwiri unga, unakaa juu kama jani limepakwa unga wa sembe. Vyote viwili ninavyo.

Leo hii mashina hai ni 13.

Nimepulizia mrututu na chokaa. Dawa hii inaitwa mchanganyiko wa Bordeaux, na asili yake imenipa nguvu kidogo siku ambayo sikuwa nayo. Huko Bordeaux miaka ya 1880, wakulima walipaka mrututu na chokaa kwenye mizabibu iliyo kando ya barabara ili wapita njia wasiibe zabibu, kwa sababu zilionekana chafu za kijani. Mtaalamu wa mimea aitwaye Millardet akagundua kwamba mizabibu hiyo ya kando ya njia ndiyo pekee iliyobaki na majani, ile ya ndani imeunguzwa na ukungu. Dawa iliyosambaa dunia nzima ilianza kama kinga ya wezi.

Nimeondoa pia majani yote yaliyo chini ya goti, hewa ipite. Nilipanda karibukaribu mno, kosa langu. Niliiga vipimo vya Burgundy, ambako mashina husongamana kiasi cha 10,000 kwa hekta. Kule upepo na ubaridi vinawaruhusu. Hapa shina likigusana na jirani yake, ugonjwa unavuka kama kwenye chumba cha hospitali.

11 Februari 2024

Kaskazi inavuma, jua kali, majani yamekauka ukungu. Sasa tatizo ni jingine. Majani machanga yanatoka ya manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani, unaona ramani ya jani zima. Hii ndiyo bei ya chokaa. Udongo wenye chokaa nyingi unayafunga madini ya chuma, mmea unakufa njaa na chakula kipo miguuni pake. Ufaransa wakulima wa sehemu za chokaa wanaujua ugonjwa huu tangu mizabibu ilipoanza kupandikizwa juu ya mashina ya mizabibu ya Kimarekani ili kuikwepa filoksera, kwa sababu mengi ya mashina hayo hayaipendi chokaa.

Nimeweka samadi ya mbuzi iliyooza, debe moja kwa shina, na nimepulizia majani dawa yenye chuma. Maji ya kisima nimeacha, yana chumvi. Namwagia ya bomba, kwa kopo, shina kwa shina, saa kumi na mbili jioni.

Nimepita leo kanisani pale misheni na kutoka nimekaa chini ya miembe ile mirefu. Mapadri wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, walifika Bagamoyo 1868. Ni mwaka huohuo, mwezi Julai, ambapo huko kusini mwa Ufaransa mtaalamu wa mimea Planchon na wenzake waling'oa mashina yaliyokuwa yanakufa wakaona kwa mara ya kwanza wadudu wadogo wa manjano wakinyonya mizizi. Mdudu huyo ndiye aliyekuja kuiua mizabibu ya Cros Parantoux na kuacha shamba tupu, mpaka likaoteshwa topinambour, mpaka akaja Jayer, yule mtoto wa mwisho, na baruti. Nimezitafakari tarehe hizo mbili mchana kutwa. Watu wa nchi ile walikuwa wakishuka kwenye mashua hapa ufukweni, na nyuma yao mizabibu ya kwao imeanza kunyauka.

5 Mei 2024

Kimbunga Hidaya kilipita jana. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, boti za Unguja zilisimama, wavuvi walivuta mashua juu. Mimi nililala pale mawe, ndani ya kibanda, na tochi. Chanja nilikuwa nimelitengeneza kwa nguzo za mwarobaini, mchwa hawaupendi, na waya mistari miwili. Nguzo tatu zimelala. Mashina yote 13 yapo. Jirani na wanawe walikuja alfajiri baada ya swala, hawakuita, walianza tu kuinua nguzo.

9 Juni 2024

Masika yamekwisha, kusi imeanza. Leo nimepogoa kwa mara ya kwanza ili wazae.

Nimekaa na mkasi mbele ya shina la kwanza karibu nusu saa. Jayer alijulikana kwa kupogoa bila huruma. Alitaka vichala vichache, kila kimoja kikiwa kimeshiba. Wakati wenzake miaka ya 1960 na 1970 wanamwaga mbolea za viwandani na dawa za kuua magugu ili wapate mavuno makubwa, yeye alilima kwa jembe na kukaa na kidogo. Na wakati huo sehemu ya mashamba aliyolima haikuwa yake. Tangu miaka ya 1940 alilima mashamba ya familia ya Camuzet kwa mgawo, yeye akichukua sehemu ya mavuno na mwenye ardhi sehemu yake. Mtu wa mgawo ana kila sababu ya kutaka wingi. Yeye akachagua kidogo kizuri. Sifa hiyo ndiyo ninayoipenda kwake kuliko zote.

Nimeacha macho mawili kwa kila tawi.

22 Septemba 2024

Vichala tisa kwa mashina yote 13. Vimeliwa vyote usiku wa juzi. Kunguru walianza mchana, popo wakamaliza. Nilikuwa zamu ya usiku. Sina la kuongeza.

Kwa kuwa sikutaka mwaka upite bila kujifunza kutengeneza, nilipanda treni ya SGR hadi Dodoma, nikanunua kilo 60 za zabibu nyekundu Hombolo kwa mkulima aliyenipa pingili, zikarudi usiku na lori la mboga hadi Dar es Salaam, na asubuhi nikazipakia kwenye daladala la Makumbusho–Bagamoyo, makreti manne, nimelipia viti vitatu.

Sasa niandike kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote katika mradi huu.

Jayer alitoa vikonyo vyote, punje tupu ndizo zilizoingia kwenye pipa. Kikonyo kibichi kina ukali unaokwaruza koo. Nimeviondoa kwa mkono, mimi na mama mdogo, kuanzia saa nne asubuhi hadi magharibi. Punje zilizooza tulizitupa. Jambo la pili la Jayer ni ubaridi. Kabla ya kuziacha zabibu zichachuke aliziweka siku kadhaa kwenye baridi ya nyuzi kama 15, rangi na harufu zitoke kwenye ganda polepole ndani ya maji ya zabibu, kabla pombe haijawa na nguvu ya kung'oa ukakasi. Burgundy mwezi wa Septemba au Oktoba ghala lenyewe lina baridi. Bagamoyo kibandani kwangu saa sita mchana kipimajoto kinasoma 31.

Nikaenda soko la samaki. Barafu ile wanayofunikia changu na kolekole, nimeinunua kwa magunia. Ndoo mbili za zabibu nikazisimamisha ndani ya pipa lililokatwa nusu, nikazizungushia barafu na maji, juu nikafunika kwa magunia na blanketi. Kila baada ya saa nne mtu alikuwa akibadilisha barafu, usiku mimi, mchana binamu yangu. Kipimajoto kilishuka hadi 17. Kilikaa hapo siku tatu. Nilikuwa nachungulia kama mtu anayechungulia mtoto mgonjwa. Siku ya kwanza maji ya zabibu yalikuwa ya waridi. Siku ya pili yalikuwa rangi ya rosela. Siku ya tatu niliingiza mkono ukatoka zambarau hadi kwenye kiwiko, na harufu iliyokuwa ndani ya kibanda, hakika, sijawahi kuinusa kwenye chupa yoyote niliyomfungulia mgeni.

Sikutia hamira. Jayer aliitegemea ile inayokuja na ganda lenyewe. Siku ya nne nimeondoa barafu, jioni povu likaanza pembeni, usiku maganda yakapanda juu yakawa kofia nene, na ukiweka sikio unasikia mchakacho kama mvua ya mbali juu ya makuti. Nimeishindilia kofia hiyo mara tatu kwa siku kwa mwiko mkubwa wa pilau ulioshwa kwa maji ya moto. Siku nane. Kisha nimekamua kwa kitambaa safi, nikapata lita 34, nikatia kwenye vyombo vya kioo, mpira mwembamba ukitoka mdomoni hadi ndani ya chupa ya maji ili hewa itoke na isirudi.

Mapipa ya mwaloni sina. Jayer aliyatumia mapya. Mimi sitaweka mti wowote kwa kuiga tu.

19 Januari 2025

Nimeuhamisha mvinyo wa Hombolo mara ya pili kuyaacha mashapo yake. Mwekundu mzito, una harufu ya zambarau mbivu, ukakasi wa kadiri. Mpishi wetu wa hotelini aliuonja akaniomba chupa ya kupeleka kwao Krismasi ijayo. Haukuchujwa, kama Jayer alivyokataa kuchuja wake.

Mashina hai sasa ni 12. Nimeongeza mapya matano, kwa nafasi kubwa zaidi.

8 Juni 2025

Nimepogoa. Safari hii jirani amenipa nyavu kuukuu za dagaa, matundu yake madogo, popo hapenyi. Nimezitandaza juu ya chanja lote, chini nimezifunga kwa mawe. Kutoka barabarani linaonekana kama mashua iliyoanikwa.

28 Septemba 2025

Nimevuna pale mawe.

Kilo saba na nusu bila yale mashina mawili ya jirani, ambayo yalitoa vichala sita na amevila na wajukuu wake ukutani, mbegu wakizitema kwa nguvu kuona nani anafika mbali. Nilitaka kuziacha zabibu wiki moja zaidi, lakini mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa bahari, na ukungu umeshaanza kwenye vichala viwili. Sukari imesoma 18 kwenye kipimo, za Hombolo mwaka huu zimesoma 22. Safari hii pia nimenunua Hombolo, kilo 40, kuwa na cha kulinganisha. Barafu, siku tatu, vyombo mbalimbali. Za kwangu zimejaa kwenye ndoo moja ndogo ya rangi, mpya, niliyoinunua kwa ajili yao.

Katika kusoma nimekutana tena na ule mnada wa Geneva, Juni 2018, walipouza chupa za mwisho zilizobaki kwenye ghala la Jayer mwenyewe, chupa za kawaida 855 na kubwa 209, zikapata zaidi ya faranga milioni 34 za Uswisi. Yeye alikuwa ameshafariki tangu 2006. Wageni hotelini wakisikia jina lake hutaja bei hiyo kwanza. Mimi hunijia topinambour.

14 Desemba 2025

Leo nimeonja vyote viwili, asubuhi, tumbo tupu, na mama mdogo mbele yangu na karatasi.

Wa Hombolo 2025 ni mzuri kuliko wa mwaka jana. Wa pale mawe umetoka lita nne. Ni mwepesi, rangi yake inapitisha mwanga. Harufu ya kwanza ni ukwaju. Kisha kitu ambacho mama mdogo alikitaja kabla yangu, na tulikuwa tumekubaliana asiyeandika asiseme: "Una chumvi kwa mbali." Nilinyanyuka nikaenda dirishani lilipo lile tumbawe. Umekata haraka mdomoni, haukai. Mvinyo huu bado ni mtoto.

Kwa miezi mingi nimekuwa na karatasi ya lebo niliyoichora, imeandikwa PALE MAWE kwa herufi kubwa. Leo ilibidi niamue.

Jayer alianza kupanda Cros Parantoux mwanzoni mwa miaka ya 1950. Chupa ya kwanza yenye jina hilo ni ya mavuno ya 1978. Katikati hapo, zabibu za shamba lile alizichanganya na nyingine ndani ya mvinyo wake wa Vosne-Romanée, bila kulitaja shamba. Alilima, akavuna, akaonja, akachanganya, mwaka baada ya mwaka, robo karne, mpaka siku alipoona mvinyo wa pale unaweza kusimama peke yake. Leo ni nyumba mbili tu zinazotoa chupa yenye jina hilo, ya mpwa wake Emmanuel Rouget na Méo-Camuzet, na jina la kipande cha hekta moja linajulikana mabara yote. Lakini alilinyima lebo kwa muda huo wote, yeye aliyelipasulia jiwe.

Mimi nina mavuno ya kwanza, lita nne.

Nimemimina lita tatu na ushei ndani ya mvinyo wa Hombolo. Mkono ulikuwa mzito, nakiri. Umeuchangamsha, ule uchachu wa ukwaju umekaa nyuma ya uzito wa Hombolo ukauinua, mama mdogo amerudia kikombe. Chupa 32. Lebo nimeandika kwa kalamu: Hombolo 2025, na chini kwa herufi ndogo, pamoja na kidogo ya Kaole. Zabibu nyingi ni za kule na jina ni lao. Mkulima aliyenipa pingili atapata chupa sita.

Uliobaki wa pale mawe umejaa chupa moja kamili. Nimeiziba, sikuibandika lebo, nimeandika juu ya kioo kwa chaki, 1.

Jirani amekuja jioni kuuliza kama zile nyavu zinatosha mwaka ujao, kwa sababu ana nyingine zimechakaa. Nikamwambia nitaongeza mashina upande wa ukuta, mawili yake tena. Akaupima ukuta kwa macho, akasema pale jiwe ni gumu zaidi, babu yako alilipiga siku mbili. Fundi nimeshampigia. Anakuja kesho saa moja na mtaimbo, mashimo sita.